Kigoda cha Toba

Shikamoo yangu haikuitikiwa. Shangazi, kule Lushoto, aliiruka akaingia kwenye jambo lenyewe: "Umezini na nani?"

Hakuuliza kama nimezini. Hilo kwake lilikwisha kuamuliwa. Picha alikuwa nayo kwenye simu, ameikuza kwa vidole, na alichokiona ni hiki: mimi, mtoto wa marehemu kaka yake, nimekaa juu ya kigoda katikati ya sebule ya watu, kichwa nimeinamisha, mabegani nimevikwa gunia la viazi. Mbele yangu wamesimama wazee wa Kizungu, mmoja ameshika karatasi, mwingine ananinyooshea kidole. Pembeni yupo mama mkwe wangu, amejiziba mdomo kwa kiganja. Shangazi ni mzee wa kanisa. Amewapokea wengi waliorudi kundini, anajua mtu anayerudi kundini anavyokaa, na hawezi kudanganywa na mtoto aliyemwogesha mwenyewe kwamba ile ni sherehe ya kuzaliwa.

"Tulikuwa tunaigiza tu, shangazi."

"Mnaigiza nini?"

"Dhambi ya babu yao."

Nilisikia jogoo wake akiwika huko nyuma. "Na kati ya watu wote hao," akasema, "babu yao umekuwa wewe?"

Picha ilimfikia kwa njia fupi. Mke wangu aliiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, na stetasi ya mke wangu inasomwa Lushoto kwa bidii kuliko taarifa ya habari. Kufikia Jumapili ilikuwa imeshaonwa na binamu zangu, na mwalimu aliyenifundisha Kipaimara, na fundi mwashi mmoja ambaye bado ananidai. Fundi ndiye pekee aliyeniandikia ujumbe wa huruma.

Chanzo ni mama mkwe. Alikuwa anatimiza miaka 80, na alipoulizwa anataka zawadi gani akasema hataki kitu cha kupanguswa vumbi. Anataka kuwajua wazee wake. Upande wa baba yake ni watu wa Fife, Uskoti, ng'ambo ya maji ukitoka Edinburgh. Upande wa mama yake ni watu wa kisiwa cha Lewis, ambao wengi wao waliishia Kanada. Nani alimzaa nani, na nani alipanda meli gani, hayo akaachiwa mkwe, kwa hoja kwamba mkwe anajua kompyuta. Kwetu mkwe akitumwa hatafuti sababu.

Na kwetu vilevile, nilivyolelewa mimi, mtu haaniki hata shuka lake mbele ya macho ya mama mkwe. Kuna maneno ambayo ukiyasema akiwa chumba cha pili, unatoa mbuzi. Ndiyo maana ukurasa ule nilipoupata niliunakili kwa mwandiko unaosomeka, nikaukunja mara nne, nikautia mfuko wa ndani wa koti, nikiwa na nia ya kumwonyesha mke wangu peke yake, usiku, ikiwezekana taa ikiwa imezimwa. Mezani nilisoma yale yanayofaa: mhunzi, mwanawe mhunzi, mjukuu mhunzi, kitukuu aliyeasi akawa seremala. Nikapigiwa makofi. Nikatoa leso nijifute uso, na karatasi ikatoka na leso.

Mjomba wa mke wangu ni mzee ambaye hasikii akiambiwa apunguze whisky, lakini karatasi ile aliisikia ikitua kwenye zulia. Akaiokota. Akasoma mstari wa kwanza, akaurudia kimoyomoyo, kisha akanirudishia kwa heshima zote.

"Simama," akasema. "Sauti ifike nyuma."

Kabla sijasimama, lazima nieleze karatasi ilitoka wapi, maana chombo chenyewe nimekipenda kupita kiasi. Uskoti ilipoachana na Papa mwaka 1560, nidhamu ya waumini ilikabidhiwa baraza la kila parokia: mchungaji na wazee wa kanisa. Kila mzee alipewa mtaa wake wa kuuangalia, kama balozi wa nyumba kumi, isipokuwa huyu hakuhesabu wageni waliolala. Alihesabu waliolala pamoja. Msichana asiye na mume akianza kulegeza mkanda, mzee alijua kabla ya mama mtu. Binti aliitwa, akaulizwa jina la mwanamume. Akilificha, mkunga aliagizwa asubiri mpaka uchungu ukolee ndipo amuulize tena, kwa imani kwamba katika hali ile hakuna mwenye nguvu za kutunga uongo. Jina likitajwa, mwanamume naye aliitwa. Akikana, mambo yaliweza kufika hadi kwenye kiapo kizito ambacho watu wengi walikiogopa kuliko faini. Akikiri, wote wawili kwa kawaida walipangiwa Jumapili 3 za kukaa mahali pa toba, mbele ya kila mtu waliyemfahamu duniani, wakikemewa kwa majina. Mahali penyewe palikuwa jukwaa dogo, au kigoda. Makumbusho ya Taifa mjini Edinburgh yamehifadhi kigoda cha namna hiyo. Aliyerudia kosa aliongezewa Jumapili. Mwenye ndoa aliyetoka nje angeweza kukaa miezi, amevaa vazi la gunia. Na juu ya hayo yote kulikuwa na faini, iliyoingia sanduku la maskini.

Waliooana nao hawakusalimika. Karani wa baraza, ambaye mara nyingi alikuwa ndiye mwalimu wa shule ya parokia, alikuwa na habari za ndoa mkono huu na za ubatizo mkono ule, naye alijua kuhesabu hadi tisa. Ikipungua, wito unatoka. Haidhuru ndoa imefungwa, karamu imeliwa, na mtoto ana pua ya babake. Kosa lilikuwa limetangulia sherehe, lilikuwa na jina lake la kisheria, na lilikuwa na mstari wake kitabuni.

Kwa muda niliwachukulia wazee hawa kuwa wambeya waliopewa mamlaka. Kisha nikatazama upande wa fedha. Mpaka sheria ya maskini ya mwaka 1845, kulisha maskini wa parokia ulikuwa mzigo wa baraza hilohilo pamoja na wenye ardhi. Mtoto asiyetajiwa baba alilishwa na sanduku. Aliyetajiwa baba alilishwa na baba. Ndiyo maana walimfuata mkunga hadi kitandani. Ukisoma kurasa zao kwa jicho hilo unaona kwamba shetani anatajwa kwa heshima, lakini anayeogopwa hasa ni nakisi.

Mwaka 2021 picha za zaidi ya kurasa milioni moja za mabaraza haya ziliwekwa mtandaoni, mtu azitazame bure. Faharasa ya majina hakuna. Unachagua parokia, unachagua mwaka, unafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, na ukishaanza hulali. Mke wangu alikuwa akiamka usiku wa manane ananikuta sebuleni nimekodoa macho, nafuatilia kesi za watu wasiotuhusu kwa lolote: waliotukanana kisimani, waliofua nguo Jumapili, waliokunywa pombe wakati wa mahubiri. Nikamwambia naandaa zawadi ya mama yake. Akaniangalia anavyomwangalia mtu anayesema ananunua gazeti la picha kwa ajili ya makala.

Na ilikuwa lazima nipite humo, kwa sababu kwenye daftari la ubatizo mtoto wa mhunzi hayumo. Kati ya 1783 na 1794 serikali ya London ilitoza pensi 3 kwa kila ubatizo, ndoa au mazishi yaliyoandikwa kitabuni. Watu wengi wakabatiza bila kuandikisha. Mungu alijua, karani hakuhitaji kujua. Serikali ilipotaka pensi zake, mtoto akapotea. Wazee walipotaka toba yao, mtoto akaonekana. Nimelikuta hili tena na tena: mtu mwema, aliyelala mapema na asiyemdai wala kudaiwa na mtu, hana hata mstari mmoja. Wahenga wa mke wangu waliokuwa waadilifu tumewapoteza wote. Waliobaki ndio hawa.

Basi nikasoma. Mhunzi na mkewe walifunga ndoa Novemba 1787. Mtoto akazaliwa mwanzoni mwa Aprili 1788. Wazee wakahesabu, wakaita. Mhunzi akasema mtoto kawahi. Mkunga akaitwa, akasema mtoto ana kucha kamili na nywele tele. Mhunzi akafikiri upya, akakiri kwamba palitokea jambo, mara moja tu, wakati wa mavuno. Hapo mzee mmoja, mkulima bila shaka, akalikumbusha baraza kwamba mavuno ni Septemba, na toka Septemba hadi Aprili ni miezi 7. Mkunga akaitwa tena. Kucha zilikuwa palepale. Mhunzi akakumbuka kwamba palitokea na jambo jingine, wakati wa kukata majani ya ng'ombe, mwezi Julai.

Wazee wakauliza mara ngapi, na karani akaliandika swali.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimefika mahali ambapo, kwetu, mtu hukohoa na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Nikakohoa. Mama mkwe alikuwa ameweka uma chini.

"Mara ngapi?" akaniuliza.

Nimewahi kutoa hotuba mbele ya mkuu wa mkoa umeme ukiwa umekatika. Nimewahi kumweleza baba wa mchumba wa kwanza kwa nini posa inarudishwa. Sijapata kutamka kitu kizito kama mstari ule. Mhunzi alijibu kwamba hakuweka hesabu.

Meza ilipigwa hadi vijiko vikaruka. Mama mkwe alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha meza. Mjomba akataka pale pa majani parudiwe, na paliporudiwa akataka mkunga naye arudiwe. Wajukuu waliitwa kutoka bustanini waje wasikie. Mle ndani mtu pekee aliyekuwa anaona haya ni mimi, na mtu pekee ambaye hakuwa na undugu na mhunzi ni mimi.

Kisha mtu akauliza hukumu ilikuwaje, nami, kwa kupenda kwangu kueleza, nikaeleza kigoda. Mjomba akaenda jikoni akaleta cha kwao. Mwingine akaenda banda la nje akarudi na gunia. Nilipinga kwa hoja: gunia ni la wenye ndoa waliotoka nje, si la vijana waliotangulia harusi, na kwa hiyo tendo hilo linapotosha kumbukumbu. Hoja ilisikilizwa kwa makini nikiwa tayari nimekalishwa. Mengine shangazi anayo kwenye simu.

Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo gunia lilikuwa la waliotoka nje ya ndoa," akakata simu.

Misiba mingine ya utafiti huu haifiki hapo. Kwenye chumba cha kusomea hati za kale kalamu ya wino ni marufuku, na mimi nilikuwa nayo nyuma ya sikio. Jina Menzies husomwa Mingis. Nililisoma lilivyoandikwa, mbele ya Menzies. Sensa ya 1841 iliwapunguzia umri watu wazima hadi kwenye tano iliyo chini, hivyo bibi mmoja wa miaka 39 akaandikwa 35, na sensa ya 1851 ikamkuta ana 49. Nikakesha nikitafuta mwanamke aliyezeeka miaka 14 ndani ya miaka 10. Kuhusu mwaka 1855, wa kwanza kwa serikali kusajili vizazi na vifo Uskoti, nasema tu kwamba fomu ilidai habari nyingi mno kiasi kwamba makarani walilemewa na mwaka uliofuata ikapunguzwa, na kila mtafiti humwombea babu yake awe alikufa mwaka huo.

Majina nayo yana utaratibu ambao Mkikuyu angeutambua mara moja: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu ndipo baba naye akumbukwe. Mabinti huanza na bibi mzaa mama. Utaratibu mzuri sana kwa mabibi na mababu, ila ukiwa na watoto sita wa kiume walioufuata wote, wajukuu wako wanakuwa kikosi cha akina John. Visiwani, mtoto wa kiume akikosekana, jina la babu halikuachwa lipotee: lilibandikwa mkia akapewa binti. Familia ya mama mkwe ina akina Jamesina, Donaldina na Murdina. Mke wangu amenisihi niache kutazama orodha hiyo kwa jicho la mtu anayetafuta jina la mtoto.

Lewis ndiko nilikopata kazi ngumu, kwa sababu kutoka huko watu waliondoka. Hata watu wa bara waliondoka, na wengine kwa sababu za kihunzi. Robert Burns, mshairi ambaye Waskoti humfanyia karamu kila tarehe 25 Januari, alikemewa kanisani Mauchline mwaka 1786 kwa ajili ya Jean Armour. Alihurumiwa akaruhusiwa kusimama kwenye kiti chake mwenyewe badala ya kigoda. Mwaka huohuo alikuwa amekusudia kukimbilia Jamaica kuwa karani kwenye shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Alichapisha mashairi yake kule Kilmarnock apate nauli, mashairi yakapendwa, akabaki. Kwenye karamu za Januari nimesikia habari ya Jean Armour mara nyingi. Ya Jamaica husimuliwa kwa haraka, wakati sahani zinaondolewa.

Kati ya miaka ya 1820 na vita ya pili ya dunia, zaidi ya watu milioni 2 walihama Uskoti. Ungetegemea nchi iliyouliza mhunzi mara ngapi iwe na orodha yao. Haina. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwenda ng'ambo zimehifadhiwa kuanzia mwaka 1890 tu. Upande wa pili, orodha za walioshuka Quebec zinaanza 1865. Aliyesafiri 1851 aliondoka hajaandikwa akafika hajaandikwa, na katikati kuna bahari.

Mwaka 1851 ndio tulioutaka. Kisiwa cha Lewis kilikuwa mali ya mtu mmoja, James Matheson, aliyekinunua mwaka 1844 kwa utajiri wa biashara ya Uchina, na kasumba ilikuwamo kwenye biashara hiyo. Akajenga kasri lake Stornoway. Viazi vilioza kuanzia 1846, watu wakashindwa kulipa kodi ya ardhi. Mwaka 1851 msimamizi wake, John Munro Mackenzie, alizunguka kijiji kwa kijiji akichagua nani aende Kanada, na kila jioni aliandika shajara. Shajara ipo, imechapishwa. Nauli tajiri alilipa, hilo nalikubali, na madeni ya kodi akasamehe. Mwaka huohuo alipewa cheo cha heshima kwa jinsi alivyowahudumia watu wake wakati wa njaa. Kusini kidogo, South Uist na Barra, kanali Gordon wa Cluny alisafirisha watu wake kwenda Quebec mwaka huohuo, na wapo waliowindwa vilimani wakapandishwa melini kwa nguvu. Huyo alikuwa amekwisha kupokea fidia ya serikali kwa watumwa wake wa Tobago, zaidi ya 1,000, walipoachiwa huru. Waliolipwa fidia ni wenye watumwa. Orodha ya malipo hayo ni nadhifu kupindukia. Unaipata bila kukesha.

Kuna orodha moja ya wahamaji wa miaka hiyo ambayo ni kamili: majina, umri, kijiji. Ni ya chama kilichopeleka karibu watu 5,000 wa nyanda za juu na visiwani hadi Australia kati ya 1852 na 1857. Nilifurahi nilipoiona, mpaka nikajua kwa nini ilitunzwa vizuri. Nauli ile ilikuwa mkopo. Waliandikwa kwa sababu walikuwa wanadaiwa.

Nilimweleza mama mkwe haya, siku nyingine, kwa chai. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema polepole kwamba angalau kitu kimebaki. Kisha akaniuliza kwa moyo mweupe: "Na wa kwenu je? Mtafute naye."

Wa kwetu. Mzee wetu mmoja alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, vita iliyopiganwa na Wazungu juu ya vilima vyetu. Hakurudi. Kijijini kwa mama mkwe, penye nyumba chache na duka moja, kuna jiwe la mnara lenye jina la kila kijana aliyekufa katika vita ileile, kwa alfabeti, pamoja na kikosi chake. Msimu wa baridi ukifuta herufi, mtu hulipwa kuzichonga upya. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam wana sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na Nairobi na Mombasa zipo sanamu za namna hiyo, na hakuna hata moja yenye majina yao. Dar es Salaam wana na soko, Kariakoo, lililoitwa kwa jina la kikosi cha wapagazi hao. Mishahara ya waliokufa, kwa sehemu kubwa, haikufika kwa ndugu, na hoja iliyotolewa ni kwamba ndugu hawakuweza kupatikana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti kwamba hawa hawakukumbukwa sawa na wengine. Ripoti niliisoma yote. Nami ni mtu ambaye kwa subira ya usiku kadhaa nimejua mhunzi wa Fife alifanya nini kwenye majani, mwezi gani, mwaka 1787, kwa hiyo nisiambiwe kwamba watu hawapatikani. Wanapatikana wakitafutwa.

Baba yangu alizaliwa mwaka wa nzige. Fomu niliyojaza nilipohamia huku Uskoti haikuwa na nafasi ya nzige. Afisa aliyeipokea, mtu mpole, alimpa baba tarehe 1 Januari, kama alivyowapa baba za watu wote waliokuwa kwenye foleni. Tuliotoka kwenye chumba kile sote ni watoto wa watu waliozaliwa siku moja. Na kabla ya hapo nilikuwa nimeombwa hati ya tabia njema kutoka polisi. Wazee wa Fife nao walikuwa nayo hiyo: aliyehama parokia alibeba barua ya mchungaji inayosema kwamba haachi nyuma kashfa wala kesi, na asipokuwa nayo hapokelewi kwenye meza ya Bwana huko aendako. Wengine waliivusha hadi Amerika. Ila yao haikuwa na ada ya kushughulikiwa kwa haraka.

Sikumwambia mama mkwe yote hayo. Nilimwambia tutaona, nikamwongezea chai.

Tukarudi kwenye meli, kwa sababu kulikuwa na msafiri mmoja ambaye tulikuwa na hakika naye. Dada mkubwa wa mama yake, mmoja wa akina Jamesina, aliondoka Stornoway tarehe 21 Aprili 1923 kwa meli ya Metagama pamoja na vijana wapatao 300 wa Lewis. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na Ulaya haikuwa imewapa kitu tangu vita iishe. Sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa imewapunguzia nauli waliotaka kuhamia makoloni, na Kanada ilitaka wanaume wa mashambani na wanawake wa kazi za nyumbani. Familia nzima inajua kwamba Jamesina hakuwa katika hao. Yeye alikwenda kuwa mwalimu. Wajukuu zake wa Ontario wamelisimulia hilo miaka yote. Mmoja wao amesomea ualimu kwa ajili yake, na kwenye kadi za Krismasi huandika kwamba damu haipotei.

Kwa kuwa ni baada ya 1890, orodha ipo. Nikaitafuta mbele ya mama mkwe mwenyewe, kompyuta ikiwa mapajani pake, nami pembeni nikibonyeza. Jina hilo hapo. Umri huo hapo. Kijiji sawasawa. Mama mkwe akatia miwani, akafuata mstari kwa kidole hadi safu ya kazi, mahali palipoandikwa kwamba ni mtumishi wa nyumbani, na chini ya neno hilo alama za kurudia zikishuka kutoka msichana hadi msichana mpaka mwisho wa ukurasa.

Akavua miwani. Akafunga kompyuta yeye mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hiyo," akasema, "watu wa Kanada usiwatumie."